Saba Inamla Mfalme

Ukimpigia simu jirani yangu saa kumi jioni, umejitakia mwenyewe. Alikuwa ananyanyua simu, anasema, "Nimekufa, piga saa kumi na moja," halafu anakata. Padri wake alishajibiwa hivyo. Daktari wa meno alishajibiwa hivyo. Mwanawe wa kike, mtoto wake wa pekee aliyekuwa akikaa Malvern, upande mwingine wa jiji, alijibiwa hivyo mara nyingi mpaka akaacha kulalamika. Ingekuwa heri angelalamika, maana aliyoyaweka moyoni ndiyo yaliyokuja kutuletea kizaazaa nitakachokieleza.

Saa kumi ilikuwa saa ya karata. Kulikuwa na stesheni moja ya televisheni iliyokuwa ikirudia vipindi vya zamani, na kila siku ya kazi ilionyesha mchezo uliorekodiwa enzi za suruali za bugaluu. Mchezo wenyewe hauna siri. Karata kubwa kubwa zimepangwa mstari, ya kwanza imefunuliwa, na mchezaji anasema kama inayofuata itakuwa juu au chini ya hiyo. Akipatia anasonga mbele, akikosea anarudishwa mwanzo, na watu ukumbini wanapiga kelele kama wameona nyoka. Ndiyo hivyo tu. Nilipoelezwa mara ya kwanza nilisema, loo, watu wazima na akili zao wanakaa kutazama hili? Wiki iliyofuata nilikuwa nashuka kwenye basi na kukimbia na mfuko wa mikate mkononi, nisije nikakosa mwanzo.

Simtaji jina, na wala simfichi. Sikuwahi kumwita kwa jina. Tulipohamia jengo lile la North York, huku ughaibuni, mimi na binti yangu, alitukuta kwenye lifti nikimfokea mtoto kwa Kiswahili kwa sababu mlango ulikuwa haujifungi. Nikamwona mama wa Kigoa, mfupi, kardigani ya kijivu juu ya gauni la maua, na chini raba nyeupe za mazoezi. Nikadhani hasikii ninachosema. Akabonyeza kitufe kwa kisigino cha mkono, mlango ukajifunga, akasema, "Mwache mtoto, jirani. Lifti ndiyo mbovu." Nusura nimkumbatie. Tangu siku hiyo yeye akawa jirani kwangu na mimi jirani kwake, na hakuna aliyeona haja ya kuongeza neno.

Alikuwa wa Mombasa na mimi ni wa Tanga, kwa hiyo ugomvi ulikuwepo kabla hatujakutana. Aliniambia Kiswahili changu kinatembea kimechoka. Nikamwambia chake kinakimbia kabla hakijavaa viatu. "Wataka chai?" ananiuliza. "Ninataka chai," namjibu, nikivuta kila herufi makusudi, naye anatikisa kichwa kwa huruma. Binti yangu alikuwa anatusikiliza na kutujibu sote kwa Kiingereza, hapo tena tunaungana na kumgeukia yeye.

Ulikuwa huwezi kumjumlisha mtu yule ukapata jibu moja. Nyumba yake ilikuwa baridi kuliko friji, maana alikuwa na imani kwamba hita inakausha akili, na Januari ungekuta dirisha limeachwa wazi kidogo "nyumba ipumue". Lakini ukikaa tu unarushiwa blanketi, unaletewa chai ya tangawizi, sambusa, keki ya nazi, na ukisema umeshiba anakuuliza nani kakuudhi. Jumapili alipika nguruwe wake kwa siki na pilipili mpaka korido nzima inapiga chafya. Mimi ni Mwislamu. Hakuniuliza chochote, ila juma moja baada ya kufahamiana nilikuta jikoni kwake sufuria mpya, imefungwa uzi mwekundu kwenye mkono. "Hii yako," akasema. "Haijaonja dhambi zangu." Na ole wake aliyeigusa! Mwanawe aliwahi kuchemshia mayai humo, akafokewa mpaka akashuka kwenda kusimama nje. Nikamwambia, jirani, mayai ni halali. Akasema, "Mayai halali. Mkono wake siujui umetoka wapi."

Rozari ilikuwa mfukoni mwake siku zote. Mchezo ukianza aliitoa, akaitia kwenye bakuli la sukari na kulifunika kwa kifuniko, ili Mama Maria asimsikie akitukana. Na kamari aliichukia kwa dhati. Wachezaji walipofika pale pa kuweka dau, alizima sauti. "Hapo pa pesa si petu," anasema, na sisi tunakaa kimya tukitazama midomo inachezacheza, mpaka wamalize uroho wao ndipo sauti irudi.

Nasema sisi kwa kuwa tulikuwa mashabiki watatu. Wa tatu alikuwa Papa, Mkongo wa ghorofa ya chini, mlinzi mstaafu wa maghala ya Downsview, mtu mkubwa mwenye sauti ya kwaya. Kwa Papa kila karata ilikuwa juu. Ifunuliwe ndogo, juu. Ifunuliwe kubwa, juu. "Weka juu, mama! Mungu iko!" Siku moja imefunuliwa kadi ya moja, ambayo kwao ndiyo kubwa kuliko zote, naye anapiga paja: juu! Nikamwambia, Papa, hapo hakuna kitu juu yake. Akaniangalia kwa masikitiko. "Mama, wewe unasali kweli?"

Na kwa kuwa vilikuwa vipindi vya kurudia, wachezaji wengine tulikuwa tunajua watakavyoanguka. Kulikuwa na mama mmoja mwenye miwani mikubwa kama visosi, kila mzunguko wa kipindi anafika karata ya mwisho, anasema juu, inatoka mbili. Tulimwona akianguka mwaka wa kwanza. Tulimwona wa pili. Jirani hakukata tamaa naye. Akimwona tu anasimama wima na raba zake mbele ya televisheni. "Sema chini, mama! Sema chini! Mwaka jana si ulijionea mwenyewe?" Mama wa miwani anasema juu. Jirani anakaa na kushika tama. "Hasikii," anasema. "Nimeongea na huyu mpaka nimechoka."

Sasa nifike kwenye ugomvi wake na mchezo wenyewe, maana hapo ndipo kila kitu kilipolala.

Sisi wa pwani tuna karata zetu. Mimi nilizijua kwa wajomba zangu, yeye aliyekuwa mwenzake wa kucheza ni marehemu mumewe, na siku tulipolinganisha tukakuta ni zile zile: kopa, uru, shupaza, pau, na mchezo ni wahedi wa sitini, anayefikisha sitini na moja ndiye kashinda. Katika mchezo huo kadi ya moja, ree, ndiyo kubwa. Anayeifuata si mfalme. Ni saba, tunayoiita seti. Saba inamla mfalme, wala hakuna mjadala. Baada ya mfalme anakuja kijana, na bibi ndiye wa mwisho kati ya wenye sura. Mbili mpaka sita ni garasa, hazina pointi. Nane, tisa na kumi hata ugarasa hazikuufikia, zinatolewa kabla ya kugawa.

Basi fikiria mtu aliyelelewa hivyo anatazama televisheni ile. Saba imefunuliwa, mchezaji anasema juu, anatoka mfalme, ukumbi mzima unashangilia. "Mwizi!" Jirani anamnyooshea kidole mtangazaji, bwana mmoja wa meno mengi. "Mwizi mkubwa wewe! Saba imekaa pale na heshima zake, waniletea mfalme wasema yuko juu. Juu ya nani?" Akitoka bibi baada ya kijana, mwizi. Ikitoka kumi, anatutazama sisi kana kwamba ndio tuliochanganya. "Kumi! Nani kaiacha humu ndani?"

Usidhani hakujua sheria zao. Alizijua fika, na wakati wa kubashiri alibashiri kwa sheria hizo hizo na kutushinda wote, Papa ndiyo usiseme. "Nazijua," aliniambia, "ila sizitambui."

Binti yangu aligundua kwamba kwenye intaneti kuna watu wanakaa kuujadili mchezo ule, mashabiki kutoka kila mahali, nani alianguka vibaya, nani alionewa. Akaanza kutusomea. Jirani akafurahi kama aliyepata ndugu waliopotea. Akawa anaamuru kwa Kiswahili, binti yangu anaandika kwa Kiingereza: "Waambie saba imedhulumiwa tangu enzi za bugaluu na hakuna aliyeomba radhi. Waambie kijana hawezi kuwa chini ya bibi. Waambie kumi zitolewe." Walijibu wengi, wengine wakacheka, wengine wakaleta hoja. Mmoja akauliza kwa upole kabisa kama mwandishi ana mtu wa karibu wa kumwangalia. Wallahi tulicheka siku ile mpaka Papa akapaliwa na chai.

Kuna siku nilimsindikiza kununua samaki wa chumvi kwenye duka la Wareno, upande wa magharibi wa jiji. Nyuma ya duka wazee wao wanne walikuwa wanacheza karata. Mmoja akatupa mfalme, mwingine akapiga saba juu yake, akazoa. Jirani alinishika mkono akanifinya mpaka nikapiga ukelele. "Umeona? Umeona, jirani?" Wazee wakageuka. Hawakuwa na lugha hata moja ya kuongea naye, yeye akawaonyesha kwa vidole saba, akaonyesha taji kichwani, akafanya kama anatafuna. Wakapiga meza kwa kicheko na mmoja akampisha kiti. Samaki nilinunua mimi. Ilibidi nimwondoe pale kwa kumkumbusha kwamba saa kumi inakaribia, na kwenye basi alikaa ameinua kidevu, mfuko wa samaki mapajani, akimsalimu kila aliyepanda.

Halafu ikaja ile ya nazi.

Alikuwa anakaanga nazi jikoni siku ya baridi kali, na mama wa miwani akatokea kwenye televisheni. Jirani akaenda kumwonya. Nazi ikaungua, king'ora kikalia, jengo zima likashuka na kusimama kwenye theluji. Yeye alishuka na bakuli la sukari mkononi kwa ajili ya rozari. Hakuna kilichoharibika ila sufuria, na ashukuriwe Mungu haikuwa yangu. Lakini msimamizi wa jengo alimpigia simu mwanawe, na mwanawe akaja usiku ule ule kutoka Malvern.

Simlaumu. Mama yako ana umri mkubwa, anakaa peke yake na jiko, ungefanyaje? Alikuwa amekwisha kuona nyumba ya wazee kule Scarborough karibu na kwake, safi, chumba chenye jua. Alisema mama hayuko sawa tena. Akaomba mtu wa huduma za wazee aje kumtazama na kusema kama anaweza kuendelea kukaa peke yake au hawezi.

Jirani alinieleza jambo hilo akikunja taulo, na akalikunja taulo lile lile tena na tena. Sikuwahi kumwona akiogopa mpaka siku ile. "Chumba ni kizuri, nimekiona," akasema. "Kina na jua. Lakini kule, jirani, nitasema na nani? Nikisema kopa, nani ajua kopa?" Nyumba ile ndiyo aliyokaa na mumewe mpaka mwisho, na kati ya kuta zile ndimo alimokuwa bado mtu wa Mombasa. Ukimtoa pale umemtoa kwake mara ya pili.

Siku ya mgeni huyo wa huduma nilitoka kazini na mikate kama kawaida, nikafungua mlango bila kubisha. Televisheni ilikuwa imezimwa. Saa kumi na robo, imezimwa! Nikajua kumeharibika. Mwanawe alikuwa dirishani, macho mekundu. Mgeni, mama mpole wa makamo, alikaa na koti lake mwilini kwa ile baridi ya mle ndani, kalamu mkononi. Jirani alikuwa kitini kwake, amefumbata mikono.

"Mwulizeni huyu," akasema aliponiona. "Mwulizeni jirani saba na mfalme nani mkubwa."

"Anti, nakuomba," mwanawe akaniambia kwa Kiingereza, "usimtetee. Mgeni amemwona akitukana televisheni, akamwuliza swali ambalo mtoto mdogo analijua. Amesema saba ni kubwa kuliko mfalme. Amesema kumi si karata. Kila nikija hapa namsikia akisema hivyo, nikajipa moyo kwamba ni mzaha. Si mzaha."

Nikaweka mikate mezani. "Lakini saba ni kubwa kuliko mfalme," nikasema.

Mgeni akanitazama kwa muda. Nina hakika alikuwa anajiuliza kama na mimi nina mtu wa karibu wa kuniangalia.

Nikaanza kueleza, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuharibu. Pwani, wajomba, seti, sitini na moja; nilijisikia mwenyewe nikisikika kama mtu anayebuni. Mwanawe akatikisa kichwa. Ndipo Jirani aliponyanyuka, akavuta droo, akatoa karata, akaketi mezani na kuanza kuzichambua. Nane, akatupa kwenye kochi. Tisa, akatupa. Kumi, akatupa kwa nguvu zaidi. Mwanawe akaziba mdomo kwa kiganja. "Anazitupa," akanong'ona.

"Zinatupwa," nikamwambia. "Kaa utazame."

Nikaketi mbele yake, nikaanza kugawa. Shetani akanijia na shauri: mwachie, jirani wa watu ashinde, mambo yaishe. Sijui alilisoma usoni kwangu au vipi. Akaniambia kwa Kiswahili, taratibu, bila kuinua macho kutoka kwenye karata zake, "Jirani. Ukinihurumia hapa nitakujua. Cheza."

Nikacheza. Wallahi nilicheza kama nacheza na wajomba. Nikatupa mfalme wa pau, naye akapiga seti juu yake mpaka vikombe vikaruka. "Saba!" akamwambia mgeni kwa Kiingereza chake cha ofisini. "Mfalme! Ameliwa!" Nikamlipa kwa ree ya uru. Akanijibu kwa turufu. Kwa muda tulisahau kama kuna watu, tukawa tunatukanana vizuri tu, na alipotua karata ya mwisho hakugusa lundo lake. Alisema, "Mimi sitini na nne. Yeye hamsini na sita."

"Amejuaje?" mgeni akauliza. "Hajahesabu."

"Amehesabu tangu mwanzo," nikasema, nikamweleza: ree kumi na moja, seti kumi, mfalme nne, kijana tatu, bibi mbili. Mgeni akazigeuza karata moja moja, akahesabu kwa kalamu, akafika sitini na nne. Akahesabu na zangu. Akaweka kalamu chini, akavua koti. Akauliza, kwa sauti nyingine sasa, "Na ile sufuria, mama?"

"Sufuria niliisahau," Jirani akasema. "Kulikuwa na mtu anaanguka."

Ilibidi tumweleze habari za mama wa miwani, na mgeni akacheka mpaka akajifuta macho. Walikubaliana abaki kwake, kifungwe kifaa kinachozima jiko chenyewe likiachwa bila mtu, na kwamba saa kumi jikoni pasiwe na moto. Hayo tu. Alipoondoka alisimama mlangoni akauliza tena thamani ya kijana, asisahau.

Mwanawe hakucheka. Alikuwa bado amekaa, ameshika ile seti ya pau na kuigeuza. "Kwa nini mimi hukunifundisha?" akauliza. Mama yake akakusanya karata zilizotupwa kwenye kochi. "Ulikuwa wataka mambo ya huku," akasema. "Nikasema nikuache nayo." Mtoto yule, mtu mzima mwenye mvi zake, hakuwahi kusema mbele yangu neno la Kiswahili zaidi ya asante. Siku ile akasema, "Mama, nifundishe." Jirani akamsogezea kiti kwa mguu.

Basi tukawa mashabiki wanne, na wa nne ndiye aliyekuwa mbaya kuliko wote, anaita mwizi hata pasipo na mwizi. Miaka ikaenda. Papa akahamia kwa watoto wake Montreal, anapiga simu kuuliza kama bado ni juu. Mimi nikahamia Malvern, karibu na binti yangu, na mwanawe Jirani akahama Malvern kuja kukaa na mama yake North York, tukapishana kama zamu za kiwandani. Nilikuwa naenda kila nilipoweza, halafu goti langu likaanza vituko vyake, na ukapita muda mrefu bila kwenda.

Nilipokwenda tena, mwanawe alinipokea mlangoni na kunivutia pembeni. "Anti, usishtuke," akaniambia kwa Kiswahili, chenye makosa yake lakini Kiswahili. "Majina yamemtoka. Jana ameniita kwa jina la dada yake. Pengine hatakujua."

Niliingia roho mkononi. Alikuwa kitini pake, amepungua, kardigani imemzidi, raba nyeupe miguuni. Stesheni ile ilikuwa imeacha zamani kuurudia mchezo, mwanawe alikuwa anamwekea kwenye kompyuta. Bakuli la sukari lilikuwa limefunikwa.

"Jirani!" akasema. "Umechelewa. Yule wa miwani ameshaanguka."

Sikujua kama alinijua. Angeweza kumwambia hivyo mtu yeyote aliyeingia. Nilifurahi na nikaumia kwa pamoja, nikashukuru kwamba miaka yote hatukupeana majina, maana kwangu hapakuwa na kitu cha kumtoka. Chai ililetwa. Niliona jikoni sufuria yangu ikiwa na uzi mwekundu, na uzi ulikuwa mpya.

Tukacheza. Mkono wake ulikuwa mzito, lakini alichambua nane na tisa na kumi bila kusaidiwa. Katikati akatupa seti ya kopa. Mimi nilikuwa na ree ya kopa mkononi, pointi zote zile zikinisubiri. Nikamtazama vidole vinavyotetemeka na yale mashavu yaliyoingia ndani, nikaficha ree, nikatupa garasa. Akazoa. Tukaendelea mpaka mwisho, akanishinda, na karata yangu ya mwisho kabisa kutua mezani ikawa ile ree.

Aliiangalia. Akaigusa kwa kidole.

"Hii ulikuwa nayo."

"Nilikuwa nayo," nikasema.

"Nilipotoa seti, ulikuwa nayo."

Akazikusanya karata zote, zake na zangu, akanisukumia.

"Nilikwambia siku ile ya yule mama wa koti," akasema. "Ukinihurumia nitakujua. Gawa upya."

Jikoni nikasikia kijiko kikimwanguka mwanawe. Mimi machozi yalinitoka, nikayaacha yatoke, nikagawa. Nikacheza kwa roho yangu yote. Nikamla mfalme wake kwa seti, nikamla kijana, nikamla bibi, nikamfunga vibaya sana. Akaniita mwizi. Aliniita mwizi nikivaa viatu, akaniita mwizi mwanawe akinifungulia mlango, na nilipokuwa koridoni nimebonyeza kitufe cha lifti kwa kisigino cha mkono, bado nilimsikia kutoka kitini kwake, "Mwizi mkubwa wewe, jirani! Kesho saa kumi!"